Nani Anabisha Hodi? Namna ya Kukitumia Kitenzi "Introduce" Bila Kujikwaa

Mwezeshaji wa semina anasimama mbele ya ukumbi na kusema, "Haya, tutambulishane." Kila mtu anajua la kufanya: unasimama, unataja jina, unakotoka na kazi yako, unakaa. Siku semina hiyohiyo ikiendeshwa kwa Kiingereza kwa sababu wamekuja wageni wawili kutoka nje, mwezeshaji yuleyule anasema, "Let's introduce each other." Wageni wanawageukia majirani zao na kuanza kuwauliza majina, maana wameelewa kwamba kila mmoja atamsemea mwenzake. Ukumbi mzima unawashangaa. Hakuna aliyekosa adabu pale. Kiingereza kimesema kingine na Kiswahili kilikusudia kingine.

Kitenzi "introduce" tunakutana nacho mapema mno shuleni, na pengine ndiyo sababu hakuna anayerudi kukifundisha. Tunakichukulia kuwa ni "tambulisha" iliyovaa suti. Nimekaa na watu wazima katika madarasa ya jioni kwa muda wa kutosha kujua kwamba makosa yao mengi hapa yana mantiki kabisa: ni Kiswahili sahihi kilichowekewa maneno ya Kiingereza. Dawa yake ni picha moja tu. Ukiishika hiyo, sehemu kubwa ya mwongozo huu utajikuta unaibashiri kabla hujaisoma.

Hatua ya 1: Tafuta anayebisha hodi

Neno hili asili yake ni Kilatini, *introducere*: *intro* ni ndani, *ducere* ni kuongoza. Yaani kumshika mtu mkono ukamwingiza ndani. Basi kila unapotaka kutumia "introduce", piga picha ya nyumba. Nje yuko anayebisha hodi. Ndani yuko mwenye nyumba atakayesema karibu. Wewe ndiye unayemshika mgeni mkono.

Kiingereza kinawapanga hivi: anayebisha hodi anakaa mara tu baada ya kitenzi, mwenye nyumba anakaa baada ya "to".

"I introduced Baraka to my mother." Baraka yuko mlangoni, mama yuko ndani.

Sasa tazama tunavyosema sisi. "Njoo nikutambulishe kwa mjomba" na "njoo nikutambulishe mjomba wangu" zote utazisikia, na zote tunazielewa. Ile "-ku-" katikati ya kitenzi inaweza kumbeba anayetambulishwa, na inaweza kumbeba anayejulishwa. Kiswahili hakioni taabu, kwa sababu "tambulisha" ni kumfanya mtu atambue, na mtu hutambua mtu mwingine, kwa hiyo nafasi ni mbili. Kiingereza kina nafasi moja tu kwa anayebisha hodi, na mwenye nyumba hawezi kutajwa bila "to". Ndiyo maana sentensi hii, ambayo huenda ndiyo kosa linaloongoza kwetu, haisimami:

"Let me introduce you my uncle."

Mwanafunzi ataniuliza, "Mbona tunasema give me the book?" Ni kweli, "give" inaruhusu watu wawili kufuatana. "Introduce" hairuhusu, kama ambavyo "explain" hairuhusu. Chagua moja kati ya hizi:

"Let me introduce you to my uncle." Wewe ndiye mgeni, mjomba ndiye mwenye nyumba.

"Let me introduce my uncle." Mjomba ndiye anayeletwa, na wewe unayesikiliza ndiye mwenye nyumba. Kwa kuwa uko hapohapo, hakuna haja ya kukutaja. Hii fupi ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haina mahali pa kukosea.

Kuna upenyo mmoja mdogo. Washehereshaji husema "Let me introduce to you our guest of honour", na hawajakosea. Mtajwa akiwa na maelezo marefu, au msemaji akitaka kumpa uzito, "to you" inaweza kutangulia: "Let me introduce to you the woman who has taught in this village for thirty years." Lakini ile "to" haijaondoka. Imehama kiti tu.

Hatua ya 2: Kitamke kisikike

Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, na ulimi wetu unataka kufanya hivyohivyo hapa, tukapata "in-TRO-dyus". Mkazo wa "introduce" uko mwisho: in-tra-DYUUS. Wamarekani wengi huiacha ile "y" na kusema in-tra-DUUS. Zote ni sawa, ila usichanganye mbili katika hotuba moja.

Wakati uliopita ndio unaotuumbua. "Introduced" ina silabi tatu, si nne. Ile "-ed" haitamkwi "-edi". Inabaki "t" nyembamba mwishoni: in-tra-DYUUST. Jaribu kuisema ukiwa umeweka kiganja mbele ya mdomo. Ukisikia pumzi kidogo ya "t" bila vokali kufuata, umefika. Nomino yake, "introduction", inauacha mkazo kwenye silabi ileile ya tatu ila inabadili vokali: in-tra-DAK-shan. Katika kuandika, "introducing" hupoteza "e".

Hatua ya 3: Jitambulishe, lakini kwa nani?

Askari anakusimamisha usiku: "Jitambulishe!" Mwalimu anakukaribisha darasani: "Jitambulishe." Kiswahili ni kimoja, Kiingereza ni viwili. Askari anasema "Identify yourself", anataka kujua wewe ni nani na pengine uone haja ya kutoa kitambulisho. Mwalimu anasema "Introduce yourself", anataka wenzako wakufahamu. Ukimwambia mgeni wako wa kwanza ofisini "Please identify yourself" kwa nia njema kabisa, atahisi kama amekamatwa.

Kiambishi "ji-" hakibadiliki kwetu: najitambulisha, unajitambulisha, wanajitambulisha. Kiingereza kinabadilisha mkia kufuata mtu: "introduce myself", "yourself", "himself", "herself", "ourselves", "themselves". Angalia wingi wa "wewe": ukiwaambia watu watano, ni "Please introduce yourselves". Na "I want to introduce me" haipo.

Hapa ndipo turudi kwenye ile semina. Sisi tunasema "tutambulishane" kwa sababu matokeo yake ni kufahamiana. Mwingereza anatazama kinachotendeka: kila mtu anajisemea mwenyewe. Kwa hiyo ni "Let's introduce ourselves". "Introduce each other" itumie pale tu mwezeshaji anapotaka uzungumze na jirani yako dakika tatu, kisha usimame umsemee. Ni zoezi zuri pia, ila lisiwe la bahati mbaya.

Na kuhusu kinachofuata baada ya kusimama. "By names I am called Neema" ni Kiingereza chetu. Afrika Mashariki kinapita bila shida, ila nje ya hapa watu hukunja uso kidogo. "My name is Neema" inatosha. "I'm Neema" inatosha zaidi. Wala huhitaji kutumia kitenzi "introduce" ili ujitambulishe. "Let me introduce myself" ni hodi rasmi, nzuri mbele ya umati au kwenye barua, lakini mtu mliyekaa naye kiti kimoja kwenye basi ataona umepanda jukwaani.

Hatua ya 4: Kutambulisha watu wakiwa mbele yako

Hapa adabu na sarufi zinashikana mikono. Katika desturi ya Kiingereza iliyo rasmi, mdogo huletwa kwa mkubwa, mfanyakazi mpya huletwa kwa mkuu wa idara, mgeni wako huletwa kwa mzazi wako. Kwa maneno mengine, mwenye heshima zaidi ndiye mwenye nyumba. Anayepaswa kutajwa kwanza ni yeye, kwa kumwita: "Professor, may I introduce my brother, Juma?" "Mum, this is Baraka." Sisi hili halitusumbui, tumelelewa nalo, mdogo ndiye anayetangulia na shikamoo. Ukiona umesahau mpangilio, jiulize ni nani angepaswa kutoa shikamoo. Huyo ndiye anayebisha hodi.

Katika maisha ya kila siku, watu wanaokizungumza Kiingereza tangu utotoni hawatumii "introduce" sana wakati wenyewe wa kutambulisha. Wanasema "This is". Zingatia: "This is my sister, Rehema", si "She is my sister". "She is" inakuja baadaye, mkishamjua: "This is Rehema. She's a nurse." Na "this" haina dharau yoyote hapa, ingawa kwetu kumwonyeshea mtu mzima kidole na kusema "hii" ni matusi. Kwenye simu pia, "This is Rehema" maana yake ni "mimi ni Rehema".

"Introduce" hutumika zaidi kabla na baada. Kabla: "I'd like to introduce you to someone." "Have you two been introduced?" Baada: "She introduced me to her parents last year." Mtu ukimwona mahali na hakuna aliyewakutanisha, unaweza kuanza kwa "I don't think we've been introduced", yenye uungwana mwingi bila kumlaumu mtu.

Lipo tatizo la majina ya undugu, na hili sikulipatia jibu siku moja. Baba mdogo akiwa "my small father", msikilizaji atadhani unatania. "My uncle" inafaa. Mtoto wa mama mkubwa ni ndugu yako kabisa, lakini ukisema "my brother" kwa Mwingereza, halafu jioni ukataja kwamba kwenu mmezaliwa wawili, wote wanawake, ataanza kukuhesabia. Sema "my cousin". Wengine wananiambia wanaona kama wanamsukuma ndugu yao nje ya nyumba kwa kumwita hivyo. Naelewa. Basi mtaje jina na kilicho muhimu: "This is Salim. We grew up together." Kitu cha kuepuka ni "This is my relative", ambayo ni kama kumwambia mtu kwamba undugu upo ila hutaki kuueleza.

Ongeza kila mara jambo moja la kushikia mazungumzo. "This is Neema" inawaacha watu wawili wakitabasamu bila pa kuanzia. "This is Neema. She keeps bees in Tabora" inawapa nusu saa.

Kuhusu kujibu: "Nice to meet you" ni ya mara ya kwanza peke yake. Mkikutana tena ni "Nice to see you", na ukimwambia mtu "Nice to meet you" mara ya pili, unamwambia kwamba umemsahau. Wakati wa kuagana na mtu uliyemfahamu leo, sema "It was nice meeting you".

Wasomaji wa Uganda watakuwa wameshaanza kutabasamu, kwa sababu kwao "introduction" ni sherehe nzima: ndiyo kwanjula, pale binti anapompeleka mchumba wake mbele ya wazazi, na Kiingereza cha Kampala kinasema "She is introducing him on Saturday" bila maelezo zaidi. Sarufi yake haina doa. Bwana harusi mtarajiwa anabisha hodi ukweni, wakwe ndio wenye nyumba. Sisi wa Tanzania tunasema kijana "amekwenda kujitambulisha ukweni", yaani anajibishia hodi mwenyewe pamoja na mshenga. Ila ukimwambia mtu wa London "I was introduced last month" na kuishia hapo, atabaki akisubiri uendelee.

Hatua ya 5: Mgeni akiwa kitu

Picha ni ileile. Kitu kipya kinabisha hodi kwenye nchi, shule, ziwa au soko.

"Kenya introduced free primary education in 2003."
"Tanzania introduced VAT in 1998."
"Safaricom introduced M-Pesa in Kenya in 2007."

Mara nyingi aliyeleta hana umuhimu, na hapo kauli ya kutendwa inakaa vizuri: "The 8-4-4 system was introduced in 1985" (ni mfumo wa elimu wa Kenya). "Cloves were introduced to Zanzibar in the early nineteenth century." Karafuu ilikuwa mgeni visiwani. Watu wengi hushtuka kuambiwa hivyo, kama wanavyoshtuka wakijua kwamba mahindi na muhogo vilitoka Amerika.

Mkonge nao. Mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, ndiye aliyeuleta Tanganyika: "Sisal was introduced by Richard Hindorf in 1893." Neno hili halisemi kwamba Hindorf aliubuni. Mkonge ulikuwepo Mexico kabla yake. Aliyebuni kitu "invented" it. Aliyekileta mahali ambapo hakikuwepo "introduced" it. Nimewahi kusahihisha insha iliyosema Wareno walivumbua mahindi, na kosa lote lilikuwa kuchagua kitenzi kibaya.

Neno lenyewe halitoi hukumu kama mgeni alikuwa mwema. "Nile perch were introduced into Lake Victoria in the 1950s": sangara waliletwa na watu, wakajaza viwanda vya minofu na wakamaliza samaki wadogo wengi wa ziwani. "The house crow was introduced to Zanzibar in the 1890s": kunguru aliletwa asafishe taka, leo yeye ndiye mwenye uwanja. Katika elimu ya viumbe, "introduced species" ni kiumbe yeyote aliyefikishwa mahali na binadamu, iwe kwa kukusudia au la.

Sasa ni "to", "into" au "in"? Usikose usingizi, lakini tofauti ipo. "Into" inasisitiza kuingia ndani ya kitu chenye mipaka: ziwa, mtaala, mwili, mazungumzo. "To" ni kufikishwa kwa watu au mahali. "In" inasema tu jambo lilitokea wapi au lini. Ndiyo maana sangara ni "into", karafuu ni "to", na mwaka daima ni "in".

Hapa kuna mtego mwingine wa Kiswahili: "anzisha". Serikali ikianzisha kodi, ni "introduce a tax". Ukianzisha biashara, ni "start a business". Huwezi "introduce a business". Aliyeanzisha shule "founded a school". Aliyeanzisha ugomvi "started a quarrel". Kipimo ni hiki: je, kuna nyumba ambayo kitu hicho kinaingia? Kodi inaingia katika mfumo uliopo. Duka lako haliingii katika kitu, linasimama lenyewe. Na "zindua" ni "launch", ambayo ina utepe na picha. Bidhaa inaweza kuwa "introduced" kimyakimya Jumatatu asubuhi bila mkasi wala keki. Bungeni, mbunge anayewasilisha muswada "introduces a bill".

Hatua ya 6: Igeuze nyumba

Hii ndiyo hatua ninayoifurahia, na wanafunzi wengi huishia kabla ya kuifikia. Linganisha:

"We introduced computers to the school."
"We introduced the students to computers."

Ya kwanza: kompyuta ndizo ngeni, shule ndiyo nyumba. Zimeletwa, zimewekwa. Ya pili: wanafunzi ndio wanaobisha hodi kwenye ulimwengu wa kompyuta, na wewe umewafungulia mlango. Shule inaweza kufanya la kwanza isifanye la pili. Vyumba vyenye kompyuta zilizofunikwa plastiki tunavijua. Kiswahili kwa la pili husema "kufundisha misingi" au "kumwonjesha mtu" jambo: "My uncle introduced me to chess." Mjomba ndiye aliyenionjesha sataranji. Ukisema "My uncle introduced chess to me", hujakosa, lakini inasikika kana kwamba sataranji ndiyo iliyokuja kukuamkia.

Kwa kuwa "to" hii ni kihusishi na si ile ya kitenzi, kinachoifuata ni nomino au umbo la "-ing". "She introduced me to cook" ni kosa. Ni "introduced me to cooking". Na achana na "about". "Let me introduce about our company" tunaisikia kila maonesho ya biashara. Ama "Let me introduce our company", ama "Let me tell you about our company".

Hatua ya 7: Nomino na barua

Sheria ya nyumba inafanya kazi hata hapa. "The introduction of" humtaja mgeni: "the introduction of VAT". "An introduction to" huitaja nyumba anayoingia msomaji: "an introduction to beekeeping". Ukichanganya, kitabu chako cha ufugaji nyuki kitaonekana kuwa historia ya namna ufugaji ulivyofika nchini.

Barua ya utambulisho ambayo mtendaji wa mtaa anakugongea muhuri ili ukafungue akaunti benki, kwa Kiingereza rasmi ni "letter of introduction". "Introduction letter" inaeleweka kote Afrika Mashariki. Unapowakutanisha watu wawili kwa barua pepe, usiandike insha: "Neema, meet Baraka, who exports honey. Baraka, Neema runs the cooperative I told you about. I'll leave you two to talk." Yule anayejibu huanza na "Thank you for the introduction", kisha anamgeukia mwenzake.

Jipime

Zitafsiri hizi kabla ya kutazama majibu. Kwanza: Ngoja nikutambulishe kwa mama mkwe wangu. Pili: Nani alikuonjesha kahawa chungu? Tatu: Chuo kimeanzisha kozi mpya ya lugha ya alama. Nne: Mkurugenzi alitutambulisha wageni.

Ya kwanza: "Let me introduce you to my mother-in-law." Ya pili: "Who introduced you to bitter coffee?" Ya tatu: "The college has introduced a new course in sign language", kozi inaingia katika orodha iliyopo, kwa hiyo nyumba ipo. Ya nne ndiyo yenye mwiba. Aliyetambulishwa ni nani, sisi au wageni? Kama wageni ndio walioletwa kwetu: "The director introduced the guests to us." Kama ni sisi tuliopelekwa kwao: "The director introduced us to the guests." Sentensi ya Kiswahili haikukuambia, na kama hukuwepo siku hiyo, itabidi umuulize aliyeisema.